Sauti Yangu Haipati Mafua

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya aibu. Saa moja asubuhi nilikuwa uani napiga mswaki, nikajisikia redioni nikisoma utabiri wa hali ya hewa. Nikameza povu!

Mwezi uliopita bosi wa kituo aliniomba nisome mamia ya sentensi studioni, zirekodiwe. Nilidhani ni kwa ajili ya makumbusho. Nilivaa hadi tai. Kumbe najichimbia kaburi, tena kwa matamshi safi. Mashine imezimeza sentensi zangu na sasa inatangaza yenyewe, kwa sauti yangu, bila mimi. Ofisini wameshaipa jina: Pacha. Fundi mitambo kaniuliza kama Pacha ni mkubwa au mdogo wangu. Kuna watu hawastahili hata kejeli yangu.

Kazi niliyobakiziwa: kupokea taarifa ya idara ya hali ya hewa na kuichapa kwenye kompyuta ili Pacha aisome. Miaka yote ile mbele ya kipaza sauti, leo mimi ni mpishi wa mashine.

Jumanne, 5 Machi

Nimempelekea bosi waraka. Kurasa tisa. Hoja kuu: utabiri usio na maoni ni maiti. Nilipotangaza mvua, mimi niliongeza kwamba mitaro haijazibuliwa, nikamtaja anayepaswa kuizibua. Bosi amesema hiyo ndiyo sababu hasa ya kununua mashine. Haipati mafua, haichelewi, haigombani na wakubwa. Waraka ameukunja akauegemeza dirishani ili dirisha lisijifunge.

Jioni nimempitia dada yangu mkubwa kwenye uwanja wake wa matofali. Anafyatua kwa mikono, anaanika, ndipo anapanga tanuri. Mjenzi wa zahanati amempa kazi, kubwa kuliko zote tangu afiwe na mumewe. Uwanja mzima umejaa matofali mabichi. Akiyapoteza, mjenzi anahamia kwingine.

Nilimweleza nilivyonyang'anywa kipaza sauti. Akasema amenisikia asubuhi na nilisoma vizuri kuliko siku zote. "Hukugombana na mtu, mdogo wangu. Nikadhani umepona."

Nimeondoka bila kumaliza chai.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma habari za wafumaji wa zamani waliovunja mashine zilizowanyima kazi. Walikosea jambo moja: walitumia nyundo. Mimi nina kibodi!

Idara imeleta taarifa: kesho mvua kubwa kuanzia mchana. Nimechapa: kesho jua kali kutwa, hakuna mawingu. Pacha ataisoma asubuhi kwa ujasiri wake wote wa kijinga. Mvua itawanyeshea wasikilizaji, watapiga kelele, nami nitaombwa kurudi. Nitakataa kidogo kwanza, kwa heshima.

Hakuna atakayeumia. Atakayelowa atakauka.

Alhamisi, 7 Machi

Pacha amesoma. Hata mimi nilikaribia kumwamini.

Saa tano, kikombe mkononi, nikakumbuka matofali ya dada. Nilikuwa na nafasi ya kuchapa masahihisho yaingie kwenye taarifa ya saa tano na nusu. Lakini mashine inayojisahihisha huonekana ya maana! Nikaamua kumpigia simu tu.

Nimemwambia afunike, mvua inakuja. Akauliza nani kasema. Nikasema mimi. Akasema mimi ndiye niliyesema jua, na kwa sababu hiyo ameshaondoa maturubai yote. Nikamweleza yule ni mashine. "Yenye sauti yako?" Nikakubali. "Sasa nimwamini yupi? Huyo wa redioni hajawahi kunidanganya. Wewe umeanza tangu tuko watoto." Akakata simu.

Nimekimbia njia nzima. Nilipofika, matone makubwa yalikuwa yanatoboa vumbi. Sote wawili tuliburuta maturubai, yeye upande huu, mimi ule, upepo ukayapokonya. Kwanza kona za matofali zililainika. Kisha yakalegea, safu ikaegemea safu, uwanja mzima ukarudi kuwa tope tulilolikanyaga. Dada hakulia. Aliokota tofali moja lenye alama ya kiganja chake, akalishika mpaka likapita kati ya vidole.

Akaniuliza kwa nini yule mwingine alisema jua.

Nikasema: mashine hazina utu, dada.

Ijumaa, 8 Machi

Simu zimemiminika kituoni. Hakuna anayeilaumu mashine! Wote wanasema yule mtangazaji wenu amezeeka, mpumzisheni. Wanaijua sauti. Wamenitukana mimi, kwa kazi ya Pacha!

Fundi amelinganisha taarifa ya idara na nilichochapa. Bosi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Kuanzia leo taarifa inatoka idarani moja kwa moja hadi kwa Pacha, haipiti kwenye mkono wa mtu. Mimi niko likizo isiyo na mwisho. Fundi kaniuliza kama nataka Pacha aniage.

Mjenzi amempa dada nafasi moja tu ya mwisho.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kumsaidia dada. Nimemwambia nimeomba likizo kwa ajili yake. Amenipa kalibu ya kufyatulia matofali akasema, "Fyatua." Nikafyatua safu nzima peke yangu, mgongo unalia.

Kabla ya adhuhuri redio ikaomba radhi: kosa la Alhamisi lilifanywa kwa makusudi na mtumishi wa kituo. Kwa sauti yangu! Nimejishtaki hewani bila kufungua mdomo. Dada aliacha koleo, akasikiliza hadi mwisho. "Ona mwenzako alivyo na adabu," akasema, akaendelea kukanda udongo.

Kisha Pacha akatangaza mvua mchana huu. Dada amefunika safu zake zote, kaweka na mawe juu. Akanitupia turubai la mwisho. Nimelikataa. Nimemwambia mashine iliyosema uongo Alhamisi haiwezi kuaminiwa Jumamosi. Amelikunja turubai lake. "Basi safu hiyo usiihesabu kwenye kazi yangu, mdogo wangu." Amekwenda kukaa chini ya paa la tanuri.

Nimeketi kando ya matofali yangu, naandika waraka mpya kwa bosi. Huu utakuwa mrefu zaidi. Safu yangu iko wazi na itabaki wazi. Ni suala la msimamo.

Tone limeangukia neno hilo la mwisho. Jasho, bila shaka.