Merikebu Zangu Tano na Bamvua la Jumapili

Jumanne, 19 Agosti
Nadra kanishinda tena. Mara ya saba! Na mchezo huu wa kompyuta, wa vita vya baharini, niliutunga mwenyewe, miaka miwili nakuna kichwa. Vimashua vyake vinazizunguka merikebu zangu kama inzi kwenye bakuli la urojo. Wenzetu tunaocheza nao chumbani kwa Shamsi, hapa Kikwajuni, wamepitisha azimio: nikishindwa Jumapili, neno la siri la mchezo anapewa Nadra, na sheria atatunga yeye. Nimecheka.

Jumatano, 20 Agosti
Nimepata! Bahari yangu haina hatari hata moja. Nimetia miamba, mafungu ya mchanga, na maji yanayojaa na kupwa kwa saa zake za kweli, kwa jedwali la bandarini; tarakimu tupu, mchezo utalisoma wenyewe. Nimewatangazia wote, isije ikaonekana hila. Nadra kauliza tu tutacheza saa ngapi. Nikamwambia saa nne asubuhi. Akatabasamu. Sikupenda.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimekwenda Kizimkazi, kule kusini, kwa mama yake Nadra! Bi Mwatima, mkulima wa mwani. Hajui kama mimi ndiye adui. Shikamoo, marahaba, chai, muhogo. Nikauliza lini maji yatakuwa makubwa. Akasema mwezi unaandama, Jumapili ni bamvua, hakuna maji makubwa kuliko hayo. Akataka kuendelea, eti siku hizo wao asubuhi... Nikamshukuru, nikakimbilia gari. Nilichokitaka nimekipata.

Ijumaa, 22 Agosti
Sikutulia hata msikitini. Hotuba inasomwa, mimi nasogeza miamba kichwani. Mpango: merikebu zote tano nazificha katikati ya miamba, kwenye maji haba. Nani atazitafuta pale? Bamvua likijaa, zinapita juu ya miamba na kumpiga Nadra mgongoni. Ayoub, jirani yangu, kauliza kama nina uhakika. Nimemjibu kuwa shahidi wangu ni mama wa adui.

Jumapili, 24 Agosti
Maji hayakujaa. Yaliondoka! Yote! Merikebu tano zimelala ubavu mchangani. Nadra hakupiga hata mzinga mmoja. Aliwashusha askari wake, wakaja kuziteka kwa miguu. Shamsi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Nadra akanieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba bamvua hujaa sana na hupwa sana: saa kumi jioni maji tele, saa nne asubuhi mama yake na wenzake wanakwenda kwa miguu mpaka kwenye mwani wao. Kila mtoto wa kusini analijua hilo. Mimi ni mtoto wa mjini. Nimempa neno la siri. Imeniuma sana.

Jumatatu, 25 Agosti
Nimewaza. Kosa si langu, ni la mwezi. Nimempelekea Nadra ombi rasmi: aongeze tufani, kali, ya kupindua kila kimashua. Nikishinda, narudishiwa mchezo wangu. Merikebu kubwa zitaogopa upepo gani? Kila moja nimeiombea matanga matatu zaidi, na yote nitayatweka tangu mwanzo; Ayoub anasema tufani ikija mabaharia hushusha matanga, lakini Ayoub hana merikebu. Nadra kakubali papo hapo, hakuuliza hata swali. Masikini, hajui linalomjia.