Jangwa la Jikoni

Jumatano, 8 Januari

Nje, nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Kwa jirani Tihomir, ishirini na nne. Daima hunizidi moja! Sina shaka kipimajoto chake hukitundika kisimani. Mwaka jana watu wa televisheni walipanda huku kwetu Pešter, uwanda wa juu wa Serbia, kutafuta nyumba yenye baridi kuliko zote. Wakampiga picha yeye, ndevu zimeganda, anatabasamu kama bwana harusi. Mwaka huu ni zamu yangu.

Lakini kuna tatizo. Jana, tukiwa mezani kwa Krismasi yetu ya Kiorthodoksi, binti yetu Gordana alipiga simu kutoka jangwani Omani, ambako mumewe anachimba visima. Anasema tumekwisha kuzeeka, chumba kiko tayari, tuhamie huko moja kwa moja. Anataka jibu Jumapili. Nikamwambia mama yake ndiye mwenye neno. Kumkatalia binti ni kazi ya mama. Desanka akasema atafikiri. Atafikiri! Miaka yote ya ndoa yetu, anaanza leo.

Mimi sihami. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote na ninajua mahali pangu katika ramani. Ila kukataa kutatoka kinywani mwa Desanka, si mwangu.

Alhamisi, 9 Januari

Nimepata njia. Jangwa la kusimuliwa hutamanika. Jangwa la kuonjwa hukimbiwa. Nitamwonjesha mke wangu jangwa papa hapa jikoni.

Nimemweleza kwa upole kwamba ni busara mtu kujizoeza kabla ya safari. Akauliza nimeanza lini kuwa mtu wa busara. Nikapuuza. Nikajaza jiko la chuma kuni kavu za mwaloni. Nikawasha na lile la sebuleni. Madirisha yamefungwa, kama kawaida. Hapa hata mtoto mchanga anajua kwamba upepo unaopita kati ya dirisha na mlango huua upesi kuliko risasi.

Adhuhuri, jikoni nyuzi thelathini na nane. Nikavua koti. Nikavua sweta. Desanka akavua soksi za sufu, akanyoosha miguu, akasema, "Aah."

Sikuipenda "aah" hiyo.

Ijumaa, 10 Januari

Arobaini na mbili! Pipa la kabichi ya chachu limerusha kifuniko chake. Nyumba nzima inanuka. Desanka amevaa lile gauni la mikono mifupi alilovaa harusini kwa Gordana. Anafuma. Anaimba! Amepanda ngazi kuchukua jamu bila kushika ukuta. Magoti yaliyomliza kila majira ya baridi, kimya kabisa.

Mimi, kizunguzungu. Nikasingizia kukagua nyama, nikajificha katika kibanda tunamotundika mapaja ya nguruwe. Humo nikasimama kwa fulana na suruali ya ndani, nimelikumbatia paja moja lililoganda. Raha iliyoje!

Mlango ukafunguka. Tihomir, amekuja kuazima msumeno. Akanitazama. Akalitazama paja. Akasema, "Samahani, Mwalimu, sikujua una mgeni." Kisha akauliza kama Desanka ana habari na mwanamke huyo, na bila kungoja jibu akaenda mwenyewe kumpelekea. Niliwasikia wakicheka mpaka huku. Mtu huyo, tangu afiwe na mkewe, hana kazi ila kuchungulia ndoa za wenzake.

Jumamosi, 11 Januari

Kuni kavu zimekwisha. Zote! Chini ya paa limebaki gome na buibui mmoja. Zilizo uani ni mbichi, zimegandamana na theluji kama mawe ya ukuta. Sina budi kupata ushindi leo.

Nikageuza silaha. Nikamuuliza Desanka kama binti yake amemwambia habari za mashine. Mashine gani? Nikamwambia kule jangwani kila chumba kina mashine ukutani, inampulizia mtu baridi shingoni mchana na usiku.

Sindano ikamponyoka. Akajishika shingo. Akauliza, hata akiwa amelala? Nikasema, hasa akiwa amelala. Akafanya ishara ya msalaba, akasema basi hao ni watu wa kuhurumiwa, na kwamba yeye hawezi kufa kifo cha namna hiyo ugenini.

Nimeshinda! Ilinipasa kunyamaza pale pale. Lakini mwalimu wa kweli hafungi somo bila kielelezo. Nikafungua dirisha. Nikafungua mlango. Nikasimama katikati, nimelowa jasho, nikanyoosha mikono, nikasema: tazama, mke wangu, ndivyo watakavyokufanya!

Jumapili, 12 Januari

Shingo imekwama. Ninaliona bega la kushoto tu. Desanka amenisugua rakija, pombe yetu ya plamu, akanifunga jani la kabichi. Anasema katika miaka yangu yote ya ualimu hili ndilo somo la kwanza lililoeleweka.

Simu ikalia. Desanka akauliza habari za mashine kabla hata ya salamu. Gordana akacheka. Mama, ina kitufe, akasema. Unaizima. Ya chumbani kwenu haijawahi hata kuwashwa.

"Kitufe," Desanka akarudia, kama anayetaja jina la mtakatifu. Kisha akasema atakuja.

Nikapiga kelele kwamba mimi na shingo hii hatuwezi kupanda ndege. Nikadhani nimemfunga kamba. Akamwambia Gordana akate tiketi moja. Baba atafuata shingo ikinyooka, akitaka mwenyewe. Kisha akazunguka meza hadi upande ninaoweza kuona. Akasema polepole kwamba hizi ndizo siku za kwanza tangu vuli ambazo hakulia kwenye ngazi, na kwamba ningemwambia tu sitaki kwenda, tungezungumza kama watu.

Nikaliweka sawa jani la kabichi.

Jumatano, 15 Januari

Desanka aliondoka jana. Tihomir alimpeleka kituoni kwa gari lake na kumbebea begi kana kwamba ni mke wake. Mke wangu ameniachia supu. Imeganda sufuriani. Kuni mbichi hazishiki moto, zinatoa moshi na dharau. Kwa hiyo ninaandika haya kwa Tihomir, kwenye benchi kando ya jiko lake. Amenikaribisha mwenyewe: "Ingia, Mwalimu, nyumba ni yako, ila yule mnene wako mwache kibandani."

Leo Gordana amepiga simu. Mama anatembea pekupeku. Mama anapanda ngazi. Mama anauliza shingo inaendeleaje. Nikajibu bado, bado kabisa.

Watu wa televisheni nao wamepiga simu. Wanakuja mwishoni mwa mwezi. Kwa Tihomir!

Nimetafakari kwa makini, kama msomi. Mpango wangu haukuwa na kosa hata moja. Niliusoma tu kinyume. Ukimwonjesha mtu jangwa, anahamia jangwani. Imethibitishwa. Na Tihomir, namsikia, analalamikia mgongo, kama Desanka magoti yake.

Kesho, kabla hajaamka, nitalijaza jiko lake mpaka juu. Kuni kavu anazo tele.