Koti la Kontena na Baga Isiyo na Mkate

Benchi letu liko nje ya duka la Sentimita, fundi nguo, chini ya kibanda cha bati ambacho mvua ikinyesha kinavuja upande wangu tu. Mimi ni mshona viatu, wananiita Soli, na nyundo yangu ndiyo pekee inayofanya kazi hapo. Wengine wanafanya kazi ya mdomo. Ijumaa hiyo kahawa ilikuwa bado inafuka moshi, na Redio alikuwa ameshaanza.

Redio ni kinyozi wa mlango wa pili. Tulimpa jina hilo kwa sababu hana mahali pa kumzimia. Alikuwa amemwacha mteja kitini amenyolewa upande mmoja wa kichwa, akatujia na simu mkononi.

"Habari ya leo hii hapa," alisema. "Wataalamu wanasema baga ikivuliwa mkate inakuwa nyepesi, na anayeila naye anakuwa mwepesi. Nyama unaifunga kwenye jani la saladi, basi, unakula unapungua."

"Wataalamu wa wapi?" aliuliza Dalali.

"Wa humu kwenye simu."

Dalali anapangisha vyumba vya watu, na hakuna neno analolikubali kabla ya kulipunguza. "Baga ikivuliwa mkate si baga tena. Ni nyama iliyotoka bafuni imesahau taulo."

"Mkate ni nguo tu, bwana. Wewe ukivua shati unaacha kuwa Dalali?"

"Nikivua shati nakaa ndani. Sijitembezi sokoni nikaitwa mlo."

"Haya, nyumba ikiezuliwa bati, bado ni nyumba?"

Dalali alifikiri. "Hiyo ni nyumba yenye hewa ya kutosha. Nimeshampangisha mtu."

"Basi na baga ni hivyo hivyo. Ina hewa ya kutosha."

Shangazi hakuinua uso. Hana undugu na yeyote kati yetu, ila anatugombeza wote, ndiyo maana akaitwa hivyo. Meza yake ya baga iko mwisho wa benchi, na ubao wake umeandikwa kwa chaki BAGA NYEPESI tangu zamani, kabla wataalamu wa Redio hawajagundua kitu. Huchagua nyama isiyo na mafuta, anaisaga mwenyewe, anaikanda na kitunguu na pilipili manga, kisha anaibonyeza kikaangoni mpaka ilie. Halafu inaingia kwenye majani mawili ya saladi yaliyotoka kwenye maji baridi, na kipande cha nyanya, na haradali kidogo. Mimi si mpambe wa mtu, lakini niseme ukweli. Ukiuma, jani linavunjika na ubaridi wake kwanza, nyama inafuata na moto wake, na unajikuta umenyamaza. Pale benchini kumnyamazisha mtu si jambo dogo.

"Nyinyi bishaneni," alisema. "Mimi nauza."

Ndipo tukasikia sauti kutoka ndani ya duka.

"Vuta pumzi," alisema Sentimita.

"Nimevuta."

"Vuta na nyingine."

"Hakuna pa kuiweka."

Kisha kitu kikalia pa, kifungo cheusi kikatoka mlangoni kama kimetumwa, kikatumbukia kwenye kahawa ya Dalali. Dalali alichungulia kikombe.

"Nilisema bila sukari," alisema.

Kontena alitoka akiwa amevaa koti la suti la kijivu. Ni dereva wa lori, na jina lake halihitaji maelezo. Koti lilikuwa limemkamata mabegani na kumkatalia kabisa tumboni. Nyuma yake alikuja Sentimita, mwembamba, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni.

"Nimefumua mshono wa kushoto, nimefumua wa kulia, nimefumua wa kati," alisema Sentimita. "Upindo umekwisha. Kilichobaki cha kufumua ni yeye mwenyewe."

"Vaa jingine, kaka," Redio alisema. "Koti ni koti."

Kontena aliketi taratibu, kwa kuhofia suruali. "Harusi ya binti yangu ni kesho," alisema. "Suti hii aliinunua yeye, kwa mshahara wake wa kwanza. Hakunipima. Alikisia, kwa jinsi anavyokumbuka nilipokuwa nambeba mabegani. Nikamwambia, mama, siku yako hii suti itanikaa. Sasa nikimwingiza ukumbini na koti jingine, atajua baba yake ameshindwa hata kula kidogo kwa ajili yake."

Mdomo wa chini ulimtetemeka. Niliweka nyundo chini. Yule mtu akilia, benchi lote linatikisika, na mimi nilikuwa na gundi mbichi.

Kisha akamgeukia Shangazi. "Na wewe ndiye umenifikisha hapa. Wiki chungu nzima nakula baga zako bila mkate. Nyepesi, umeandika mwenyewe. Nimeongezeka."

Shangazi aliweka mwiko chini polepole, na sisi sote tukasogeza miguu.

"Umesemaje?"

"Nimesema kwa heshima, Shangazi."

"Shauri hili lisikilizwe," alisema Dalali, akiinuka na kikombe chake. "Mshtakiwa ni baga. Redio, wewe uko upande wa baga. Mimi niko upande wa tumbo. Soli ni hakimu, kwa sababu ana nyundo."

Sikukataa. Redio akasimama mbele ya Kontena, mikono nyuma.

"Ndugu mlalamikaji, mkate umekula?"

"Na baga? Kamwe."

"Jani la saladi ulipewa?"

"Nilipewa siku ya kwanza. Likachanika. Nyanya ikanikimbia mkononi, mchuzi ukashuka mpaka kwenye kiwiko. Mimi ni dereva, bwana. Usukani ukiteleza na wewe umeteleza. Nikamwambia Shangazi, tafadhali niwekee kitu kigumu juu na chini, nishike bila kuchafuka."

"Kitu gani?"

Kontena alitazama viatu vyake. "Baga."

Redio aliinamisha sikio. "Rudia, hakimu asikie."

"Baga chini, baga juu, na baga katikati. Ile ya katikati ndiyo ninayokula. Hizo nyingine ni za kushikia."

Mteja wa Redio, yule aliyenyolewa nusu, alikuwa ametoka nje na shuka lake shingoni. Alipiga mluzi mdogo.

"Na za kushikia unazipeleka wapi ukimaliza?" aliuliza Redio.

"Nazila. Nitatupaje chakula kizuri hivyo?"

"Shangazi, unalo la kusema?"

"Mteja kaagiza, mimi nimekaanga," Shangazi alisema. "Na si yeye peke yake. Kuna binti mmoja mpole huja jioni kajitanda mtandio mpaka puani, naye huagiza hivyo hivyo, juu na chini. Wateja wangu siwataji. Lakini muulizeni huyu habari ya mikate. Mikate ya wale wanaokula bila mkate nilikuwa nampa nani?"

Kontena alijikuna shingo. "Ilikuwa inabaki, inanihuzunisha. Nilikuwa naondoka nayo."

"Ukaipeleka wapi?" Dalali alisahau kwamba yeye ni upande wa tumbo.

"Nyumbani. Nakula jioni na chai. Lakini peke yake," alisema, akiinua kidole. "Masharti ni baga isiliwe na mkate. Sijawahi kuvikutanisha. Baga mchana, mkate jioni. Havijuani kabisa."

"Na tumboni vikikutana?"

"Tumboni ni giza. Vitajuana vipi?"

Ndani ya ule upuuzi mlikuwa na utaratibu mkubwa kuliko wa nyumbani kwangu. Nilipiga nyundo kwenye soli, nikatoa uamuzi kwamba baga haina hatia na mkate haukuwepo eneo la tukio. Shangazi alirudi kwenye kikaango chake.

"Hukumu nzuri," alisema Kontena. "Na koti je?"

Hapo ndipo tulipokwama. Dalali alishauri tumbo lifungwe kwa mpira wa ndani wa tairi. Mteja wa nusu kichwa alishauri harusi iahirishwe, akaambiwa arudi ndani. Sentimita alikuwa amesimama mlangoni, akilitazama lile koti kwa jicho la ubaya, halafu akatema pini.

"Baga ikitolewa mkate, bado ni baga?"

"Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo," alisema Redio.

"Na koti likitolewa mgongo?"

Sentimita alikwisha kushika mkasi.

"Mbele ndiko kwenye vifungo," alisema. "Mbele ndiko kwenye kola, mifuko, heshima yote. Mgongo ni mkate tu. Nikipasua hapa katikati, toka kola mpaka chini, pande mbili zikaachana zinavyotaka, mbele patafunga kama alizaliwa nalo. Nyuma nitashikiza kwa kamba, kama kiatu."

"Koti jepesi," alisema Redio kwa unyenyekevu.

"Lakini atakapoingia ukumbini na binti yake," alisema Dalali, "watu wote watakuwa wanamwona nyuma. Nyuma ndiko anakoonekana zaidi."

"Nyinyi mna kazi gani kesho?" Shangazi aliuliza bila kugeuka. "Si mmealikwa? Mtembee nyuma yake, mkabane bega kwa bega. Kwa mara ya kwanza mtakuwa na faida."

Kontena alivuta makamasi. "Mtanifanyia hivyo?"

"Tutakuwa ukuta," alisema Dalali. "Mimi nimewapangisha watu kuta mbaya kuliko hizi."

Mkasi ulilia. Sijui kama mnajua sauti ya nguo nzuri inapopasuliwa, ila Kontena alifumba macho kana kwamba anang'olewa jino. Dalali alivua kile kifungo kwenye kahawa, akakifuta kwa shati, kikashonwa mahali pake kikinukia kidogo. Mimi nilitoa kamba mpya za buti, nikatoboa matundu, tukamfunga Kontena mgongoni. Aligeuka. Jamani, mbele alikuwa bwana mkubwa. Koti lilishuka sawa, vifungo vilitulia, na tumbo lilikaa nyuma yake kama mgeni mwenye adabu. Ukimzunguka ulikuwa unaona shati jeupe upana wa mlango na kamba zangu za buti.

"Anakuja," alisema Redio, na kwa mara ya kwanza hakuendelea.

Binti wa Kontena alikuwa anakata kona, mfuko mrefu wa gauni begani, mtandio mzito umemfunika mpaka magotini na jua lote lile. Tulimsukuma Kontena mpaka ukutani. Mgongo ukagusa tofali, akasimama pale akitabasamu kama aliyebandikwa.

"Shikamoo baba. Shikamooni wazee wangu. Nimepita mara moja kwa fundi, kuna kifungo kidogo," alisema, kisha akamwona vizuri. "Baba. Limekukaa."

"Nilikwambia, mama."

"Mimi nilijua halitakukaa. Nilijua tangu siku ile niliyolileta, nikaogopa kukwambia." Macho yalimjaa. "Umejinyima kiasi gani?"

Sisi tulitazama juu, kwenye bati, tukahesabu misumari. Kisha binti akafanya kile ambacho hakuna kati yetu aliyekifikiria kwa akili zote tulizokuwa nazo. Alimkumbatia. Mikono ikapita ubavuni, ikaenda nyuma, kati ya baba na ukuta, na ikasimama.

Ilipapasa shati. Ilipapasa kamba. Ilifuata fundo langu mpaka mwisho, ikarudi.

Mafuta yalikuwa yanachemka peke yake kikaangoni. Kontena alitazama mbele, jasho likimtoka puani. "Mwanangu," alianza, "nilijaribu, haki ya Mungu nilijaribu."

Binti hakumwachia. Aliweka kidevu begani kwa baba yake, akamtafuta Sentimita kwa macho, akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia.

"Fundi. Na gauni langu lipasue hivyo hivyo."

Sentimita aliangusha futi. Binti aliachia mtandio, tukaona kwa nini alikuwa ameuvaa. Kontena alimshika mabega, akamtazama, akamtazama tena.

"Na wewe? Kwa kula nini?"

"Baga, baba. Bila mkate." Alijifuta machozi. "Si wewe uliyenifundisha? Ulisema ukiweka moja juu na moja chini huchafuki mkono."

"Na mikate?"

"Asubuhi, na chai. Havijawahi kukutana."

Kontena alimvuta kifuani, na hapo akalia kweli, na benchi likatikisika kama nilivyosema. Mmoja alicheka ndani ya kilio, sikujua ni yupi kati yao, maana wanacheka sauti moja. Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya khanga akalaumu kitunguu, ingawa alikuwa hajakikata.

Dalali peke yake ndiye aliyebaki na akili ya kazi. Alipima migongo miwili kwa macho, akatupima na sisi: Redio, Sentimita, mimi, na mteja wa nusu kichwa ambaye sasa alikuwa mmoja wetu apende asipende.

"Jamani, ukuta wetu hautoshi," alisema. "Tulipanga kuficha mgongo mmoja. Hii ni nyumba nzima."

"Tufanyeje?" niliuliza.

Dalali aliketi, akasogeza kikombe pembeni, akafungua kifungo cha suruali.

"Shangazi," alisema, "tukaangie sote. Tatu tatu. Na mkate uwemo, tafadhali. Kesho tunahitajika wanene."