Niliita Jiwe kwenye Mchezo wa Magari

Jamani, leo sina pa kuweka uso.

Mnanijua. Tangu turudi kutoka Congo naendesha lori la saruji, Muganza hadi Kamembe, mara nyingine navuka daraja hadi Bukavu. Na mdomo wangu mnaujua pia: dereva ni mimi, wengine wanashika usukani tu. Sasa Maman Furaha, mwenye malori, amenunua lori jipya na alikuwa hajaamua ampe nani. Nimelitamani hadi nakosa usingizi.

Leo saa nane mchana nilikuwa Kamembe kwa Shabani, fundi wa redio aliyefungua chumba cha michezo ya televisheni. Maman Furaha akaingia kuchukua redio yake. Nikaona nafasi ndiyo hiyo.

"Iyi michezo ya magari ni ya batoto," nikasema kwa sauti (ili asikie, ndiyo).

"Papa Neema, kamata basi tuone," Shabani akajibu, akanipa kile kidude cha vitufe.

Jamani, huo mchezo! Aliyeutengeneza amewahi kuendesha gari, naapa. Kona ya kwanza nikakanyaga breki huku nakata. Gari likakataa kugeuka, likaenda moja kwa moja, sawasawa na barabara ya Rwimbogo ikiwa na matope. Kona ya pili nikaachia breki kwanza, ndipo nikakata. Likageuka vizuri ajabu! Nikaongeza mafuta mapema mno, tairi za nyuma zikateleza, nikarudisha usukani, zikashika. Matairi yakiwa baridi yanateleza, yakipata moto yanang'ang'ania lami. Hata uzito wa gari unauona ukihama upande hadi upande. Nilipenda! Nikamsahau Maman. Nikasahau kwamba ile ni televisheni (hapo ndipo nilipoharibu).

Ikaja kona kali ya kupanda. Nikateleza, nikazunguka, injini ikazimika. Na gari likaanza kurudi nyuma! Hata hilo walilifikiria! Nikaruka kutoka kwenye kiti na kupiga kelele:

"Jiwe! Kabera, weka jiwe!"

Mzee Kabera ni msaidizi wangu wa lori, amenizidi umri. Lori likizimika mlimani, kazi yake ni kuruka chini na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Miaka yote hajawahi kuchelewa. Leo alikuwa amesinzia nje kando ya lori, karibu na mlango. Akaingia mbio, jiwe kifuani, macho mekundu kwa usingizi.

"Niweke ku tairi gani, chef?"

Watu walivunjika mbavu! Shabani alikaa chini sakafuni. Mzee Kabera akaitazama televisheni, akanitazama mimi, kisha akainama na kuliweka jiwe chini ya meza, taratibu, kazi isije ikabaki nusu.

Maman Furaha alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge. Nikajua lori limekwenda kwa mwingine. Nilitaka kulia.

"Papa Neema," akasema alipopata pumzi, "muntu mwenye anaogopa hata gari ya mu televizyo kurudia nyuma, yangu hataiangusha. Kuja kesho ukamate funguo."

Lori nimepata. Heshima yangu, mwenye kuiokota huko Kamembe anirudishie bila kucheka.