Chomeka Wanjala, Chomoa Shida

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku njema huonekana asubuhi, na ya leo imeonekana! Kazi yangu ni kuendesha gari la wagonjwa wasioweza kujiendesha wenyewe, na leo mzee wangu mmoja wa kiti cha magurudumu hakutaka kliniki. Alitaka maonyesho ya biashara, katikati ya Minneapolis. Nilikusudia kumsubiri garini na chupa yangu ya chai. Akaniambia niache ujinga, niingie, humo ndani vitu ni vya bure.

Bure! Kalamu bure, mifuko bure, peremende za kujaza mfuko wa koti. Kwenye meza ya mwisho kampuni ya mapazia ya ofisi ilikuwa inafunga virago. Muuzaji amebakiwa na sanduku zima la flashi, zile za kuhifadhia mafaili ya kompyuta, na fremu moja ya umeme inayobadilisha picha yenyewe. Hakutaka kuvibeba mpaka kwao. Akaniuliza kama navitaka. Kama navitaka!

Nagombea uenyekiti wa Umoja wa Kufaana, chama chetu sisi watu wa Afrika Mashariki tunaokutana Brooklyn Center. Mwenyekiti hukaa meza kuu. Mwenyekiti hushika kipaza sauti kwenye harusi na matanga, na hakuna wa kumnyang'anya. Uchaguzi ni tarehe ishirini na tano. Mpinzani wangu ni Gitonga, yule wa bima, ambaye amegawa kalenda zenye picha yake. Kalenda! Makaratasi, zama hizi!

Kwetu Kenya, mgombea asiyegawa kitu hata mkewe hampigii kura. Sasa nami nina kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimechapisha stika. Uso wangu, tai nyekundu, tabasamu la kiongozi, na chini yake: CHOMEKA WANJALA, CHOMOA SHIDA. Nimezibandika juu ya jina la kampuni ya mapazia. Zinapendeza ajabu.

Mke wangu Philister ni muuguzi katika hospitali moja upande wa Coon Rapids. Alizitazama kwa mbali kama mtu anayetazama samaki wa juzi. Akasema kazini wamekatazwa kabisa kuchomeka kitu wasichojua kilikotoka, maana hubeba virusi vya kompyuta. Nikamwambia kilikotoka nakijua: kwenye meza, tena yenye kitambaa cheupe. Binti yetu Velma akainua macho kwenye simu kidogo tu. “Dad, hizo vitu ni risky. Usi-plug.” Kisha akaendelea na mambo yake.

Hawaelewi ninachopigania. Wala sijamwambia Philister sehemu nyingine ya habari. Mama mkwe anakuja kututembelea kutoka Kimilili, anafika siku moja baada ya uchaguzi. Mwezi uliopita aliniuliza kwa simu kama nimepata cheo chochote huku Amerika. Kila mara huniuliza. Kila mara hunijibia mwenyewe, “Haya, Mungu yupo.” Safari hii ulimi ukateleza, nikamwambia mimi ni mwenyekiti.

Akatangaza kanisani. Kanisa zima likasimama likaniombea.

Si uongo. Ni ukweli uliotangulia safari. Lakini lazima nishinde.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada nimesimama mlangoni na sanduku. Watu wamechukua kwa mikono miwili! Wengine wamechukua na za watoto. Uwimana, katibu wetu, Mnyarwanda mpole asiyecheka ovyo, amesema atazitumia kuhifadhi kumbukumbu za Umoja. Nani kama mimi?

Hata Gitonga alipanga foleni. Akaigeuza flashi huku na huku, akaniuliza kwa adabu zimetoka wapi. Nikamjibu zimetoka kwa wafadhili. Akaitia mfukoni. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumanne, 14 Oktoba

Cedar-Riverside, dukani kwa Bi Saada. Anauza leso, udi na manukato, na akinena yeye wanawake wote wa Pwani wamenena. Nimempa ile fremu ya picha. Akaniombea dua mpaka nikaona haya. Tumeiunganisha na intaneti ya duka, tukatia picha za familia, tukaiweka juu kabatini karibu na mashine ya kulipia. Picha ya kwanza kutokea ni ya marehemu baba yake akiwa Makka. Bi Saada akatoa leso akajifuta machozi. Hizo kura ninazo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bi Saada amepiga simu. Hakuanza na salamu! Mtu wa Mombasa asipoanza na salamu, ujue nyumba inaungua.

Fremu inaonyesha baba yake Makka. Halafu inaonyesha mchezo wa kamari. Halafu baba. Halafu mwanamke aliyevaa kidogo sana akitangaza dawa ya kupunguza tumbo. Halafu baba tena. Mashine ya kulipia imekuwa nzito, wateja wanasubiri mpaka wanaacha leso mezani na kuondoka. Ameniuliza, wallahi, mwanangu Wanjala, nimekukosea nini?

Nimefikiri sana nikiendesha. Nani anafaidika Bi Saada akinichukia? Nani alipita Cedar-Riverside jana kugawa kalenda?

Gitonga!

Jumamosi, 18 Oktoba

Mambo yamezidi. Kompyuta ya Uwimana inafungua kurasa yenyewe. Mwalimu wa kwaya ametuma barua pepe kwa waumini wote kuwasihi wanunue miwani ya jua, na anaapa hakuiandika. Kila mtu analalamika. Mgombea mwingine angejificha chini ya kitanda. Mimi nimeona nafasi!

Nimepata kwenye mtandao programu ya kuua virusi. Ya bure. Nikaitia kwenye flashi yangu moja, maana wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kutwa nzima nimezunguka Brooklyn Center nyumba kwa nyumba kama daktari wa chanjo. Nachomeka, nasubiri, nachomoa, naenda kwa jirani. Hata waliosema kompyuta zao ni nzima nimewatibu, kwa kinga. Nimelishwa chapati. Nimelishwa sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Kwa kina Mukandayisenga nimelishwa ndizi mpaka nikafungua kifungo cha suruali.

Nilipomsimulia Philister, akauliza kama ni flashi ileile moja kila nyumba. Nikasema ndiyo, mimi si mtu wa kufuja mali. Aliweka mwiko chini taratibu. “Baba Velma, yaani umepita na sindano moja mji mzima?”

Nikamweleza kwamba flashi si sindano. Muuguzi akitoka kazini aache kazi mlangoni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Waliokuwa wagonjwa wamezidiwa. Waliokuwa wazima wameugua. Hata kompyuta yetu ya nyumbani imewaka yenyewe wakati wa chai na kuanza kuuza viatu kwa sauti kubwa.

Gitonga anafanya kazi haraka, lazima nikiri.

Nimemfuata ofisini kwake nimkabili. Akanipa kiti. Akanipa kahawa. Akafungua droo, akanirudishia flashi yangu ikiwa mpya kabisa, akasema tafadhali nisijisikie vibaya, ofisi yao hairuhusu vifaa vya nje, na afadhali niwaambie watu wasizitumie. Kisha akasema kwa upole kwamba hata nikitangaza leo hakuna atakayenilaumu, kila mtu hukosea.

Nikaangalia kompyuta yake. Nzima! Inang'aa! Katika Umoja mzima, mtu pekee ambaye kompyuta yake haiumwi ni Gitonga. Ushahidi gani zaidi unatakiwa?

Nimekunywa kahawa yote nikaondoka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeandaa hotuba. Nimetayarisha picha za kuonyesha ukutani: mimi na wagonjwa wangu, mimi na theluji, mimi na mchungaji. Zimo kwenye flashi.

Mama mkwe amepiga simu kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi. Akasema, mwenyekiti, tuonane kesho kutwa. Akalitaja jina hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumsikia akifurahi nami hivyo. Kesho nikishindwa, sijui nitauweka wapi uso huu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Niandike tu.

Ukumbi ulijaa. Gitonga alisema maneno machache, akashukuru, akakaa. Hotuba gani hiyo? Nikasimama mimi. Nikamwomba Uwimana kompyuta ya Umoja, ambayo aliikopa mpya kwa ajili ya uchaguzi kwa kuwa yake haifai tena. Akasita. Nikamwambia ni picha tu, dada yangu. Nikachomeka.

Ikatokea picha yangu na mchungaji. Makofi! Kisha mchungaji akafunikwa na kamari. Nikabonyeza kuifunga. Zikafunguka mbili. Nikabonyeza zote mbili. Akaja yule mwanamke wa dawa ya tumbo, ukuta mzima, mbele ya wazee wa kanisa na Bi Saada na wanawake wote wa Pwani. Simu zikaanza kulia ukumbini, moja hapa, moja pale, halafu zote. Kila mwanachama amepata barua pepe kutoka kwa katibu Uwimana, kwamba amekwama Ulaya bila pasipoti na anaomba msaada. Uwimana alikuwa amesimama kando yangu, na pasipoti ameiacha kabatini kwao.

Akachukua kipaza sauti. Akawaomba walioharibikiwa kompyuta wiki hizi wainue mikono. Ikainuka mingi. Akasema wasishushe. Akaomba aliyepewa flashi yenye uso wa ndugu Wanjala, au aliyetibiwa naye, ainue mkono.

Hapo mimi nilikuwa nimeinama nikihangaika na waya, na sikusikia vizuri. Nilipoinua kichwa nikaona mikono. Mikono mingi! Ukumbi mzima! Machozi yakanilenga. Nikafungua mikono yangu pia nikasema ahsanteni, ahsanteni sana, sitawaangusha.

Mikono ikashuka yote.

Nimepata kura yangu na ya Philister. Ya Philister nilimwona akiifikiria.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami nimekubali. Ila nimeibiwa.

Jumapili, 26 Oktoba

Uwanja wa ndege. Nilikuwa na mpango. Ningempokea mama mkwe haraka, nimtie garini, na habari ya uenyekiti ningeipangia siku nyingine, labda ya kurudi kwake.

Gitonga alikuwepo! Na maua! Desturi ya Umoja ni kwamba mwenyekiti humpokea mzazi wa mwanachama anayekuja mara ya kwanza. Desturi hiyo niliitetea mimi mwenyewe mkutanoni, nikijua mwenyekiti atakuwa mimi.

Mama mkwe akatoka na kiti cha magurudumu akisukumwa kama malkia. Mapajani ameshika kifurushi cha kitambaa. Hakunikumbatia wala hakunipa mkono, ni mkwe wangu, heshima ni heshima. Akasimama, akafungua kitambaa, akatoa usinga, mkia mweupe, mpini wa shanga. Wazee wa Kimilili walichanga wakamtengenezea mwenyekiti. Akauliza kwa sauti ya kanisani, mwenyekiti yuko wapi nimkabidhi mbele ya watu?

Na Gitonga, ambaye hakujua lolote, akainama kwa adabu akasema, ni mimi, mama, karibu sana.

Mama mkwe akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Akamtazama Philister, ambaye alikuwa anatazama dari. Nilitaka sakafu ipasuke. Sijapata kuona haya kama zile, hata jana.

Akampa Gitonga usinga.

Akakaa kitini, akasema, “Haya, Baba Velma. Mungu yupo.”

Jumamosi, 15 Novemba

Ushindi!

Wiki hizi mama mkwe amekuwa akinisalimu kwa kichwa tu. Nimevumilia. Leo Gitonga, na usinga wake mkononi, ameitisha mafunzo ya usalama wa kompyuta kwa wanachama wote. Alikuja mtaalamu, Yves, Mkongo mwenye miwani. Akaeleza saa nzima jinsi vifaa vya bure vinavyoweza kuficha virusi, na kwamba usichomeke usichokijua. Nilitikisa kichwa kukubali kuliko wote. Nikaandika “muhimu sana” na kupiga mstari chini.

Tulipotoka, mlangoni pana meza, na juu yake bakuli la taa ndogo nzuri za kuchomekwa kwenye kompyuta, na kibao: ZAWADI. Hakuna aliyegusa! Wote walipita wakitazama pembeni. Wajinga. Yves mwenyewe ndiye aliyeziweka, nilimwona kwa macho yangu. Mtaalamu wa usalama atatoa kitu kibaya? Nikachukua, na kwa kuwa mifuko ya koti ni mikubwa, nikachukua zote.

Nimeichomeka moja mara tu nilipofika. Kioo kikawa cha buluu, maneno yakatokea. Nayanakili kama yalivyo: “Wewe ni mwanachama pekee uliyechomeka kifaa hiki. Jina lako limepelekwa kwa mwenyekiti. Unatakiwa kuhudhuria mafunzo maalumu Jumatatu.”

Pekee! Katika Umoja mzima! Na maalumu!

Nimeyasoma kwa sauti mezani mara mbili. Velma alilaza kichwa juu ya meza. Mama mkwe akauliza kama ni kweli kwamba safari hii wamenichagua mimi, peke yangu, na si yule Gitonga. Nikamwonyesha kioo, neno “pekee” hilo hapo. Akasimama akapiga kigelegele kirefu, akanifuta begani vumbi lisilokuwepo. Philister akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mama mkwe sasa anaongea na Kimilili. Nasikia wameanza kuniombea.