Presha ya Marsiana Imeshuka

Ndugu Katibu wa Chama wa Tarafa, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji hiki cha Ujamaa, Ndugu Mabalozi wote wa Nyumba Kumi Kumi, Bwana Shamba, Bibi Maendeleo, mgambo mliobaki wakati wenzenu wako mstari wa mbele wakimfukuza mvamizi, wenyeji wa Ngara, wageni wetu kutoka Biharamulo, na wananchi wa kawaida kwa wingi wenu, shikamooni na hamjambo! (Makofi. Mimi, binti wa Marsiana, nilipiga pia, nilimwogopa msemaji.)

Mimi, Bonaventura, Afisa Mhamasishaji wa Afya mwenye cheti cha semina ya siku tatu, nazindua Programu ya Koodinesheni ya Presha na Figo. Figo, ndugu wananchi, ni ofisi. Likiona damu inayolifikia ni kidogo, haliulizi. Linatoa kemikali iitwayo renini, ambayo kwa kupitia ngazi zinazohusika huzaa homoni ya kubana mishipa, na hiyo huamsha homoni nyingine inayoliamuru figo lizuie chumvi na maji, presha ikapanda. Ikikaa juu miaka na miaka, vichujio vya figo vinaota makovu. Penye kovu damu haipiti. Figo linadhani damu bado haitoshi, linatoa renini tena! (Sauti: "Kumbe ni kama nyinyi, mnaharibu halafu mnaagiza zaidi!" Kicheko.) Hilo, Ndugu Felisiani, utajibiwa kwa maandishi.

(Mama yangu akasimama, miguu imevimba hata ndala hazimwingii. "Ndugu Afisa, mganga wa misheni kasema presha itaniulia figo, nipimwe kila wiki. Nimetembea tangu alfajiri. Mashine iko wapi?")

Mama, swali lako limo ukurasa wa sita. Keti.

(Hakuketi. Nikamvuta kitenge, kwa aibu ya kutazamwa, mpaka akaketi. Mpaka leo inaniuma.)

Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne! Hata chumvi, ambayo wavivu wa kufikiri wanalalamika kuwa imeadimika katika duka la ushirika kwa sababu ya vita, mimi mwenyewe natangaza kwamba kuadimika kwake ndiyo Awamu ya Kwanza ya kushusha presha. (Vigelegele vya Bibi Maendeleo, peke yake.)

Figo imara! (Juuu!) Makovu! (Chiniii!) Renini ya kibeberu! (Watu wanatazamana.)

Nihitimishe kwa kuwashukuru mabalozi, waliotia dole gumba kwa niaba ya nyumba zao zote, kuthibitisha kwamba watu wao wote wamepimwa. Kipekee namshukuru Mama Marsiana, nambari thelathini na saba katika orodha ya wagonjwa, ambaye kwa mujibu wa ripoti iliyokwisha kufika mkoani presha yake imeshuka kabisa, na hivyo nafasi yake ya kupelekwa hospitali imefutwa. Ushindi mkubwa, ndugu zangu, tulioupata bila kujenga chumba wala kuagiza mashine. Ahsanteni, mnaweza kutawanyika.