Malalamiko Juu ya Muuzaji Wenu Aliyenipatanisha na Mume Wangu Bila Idhini

Azaiba, Maskat
Alkhamisi

Kwa Meneja,
Klabu ya Mapumziko ya Raha Daima

Bwana Meneja mheshimiwa,

Baada ya salamu na kukuombea afya wewe na wote walio chini yako, mimi ni Masouda binti Humaid, mwalimu mstaafu wa hisabati, mke wa Sleiman. Naandika kwa masikitiko, lakini kwa adabu, kwani nilifunzwa.

Mjukuu wetu Nouf alijaza kuponi yenu dukani, na wiki mbili baadaye mkampigia simu kwamba babu yake na bibi yake wamepata siku tatu katika hoteli yenu ya Qurayyat kwa robo ya bei. Sharti lilikuwa moja: mume na mke wakae pamoja dakika tisini kumsikiliza muuzaji wenu akieleza namna mtu anavyoweza kununua wiki moja ya hoteli, ikawa yake kila mwaka mpaka afe. Kununua si lazima. Hayo yote mliyaandika na sina ugomvi nayo.

Msilolijua ni kwamba mimi na Sleiman tulikuwa hatusemezani kwa miezi mitano. Sababu ni mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mama yangu, niliyokuja nayo kutoka Unguja nimeipakata, na ambayo Sleiman aliitupa pamoja na takataka akidhani ni kigoda kibovu. Hakuomba radhi. Nami nikanuna, na nilinuna kwa haki. Kwetu watu wakinuniana shughuli za nyumba hazisimami. Hutafutwa mtu wa katikati. Nikimwambia Nouf, "Mwambie babu yako chai tayari," Sleiman aliyekaa hapo hapo hujibu, "Mwambie nnakuja." Tukaishi hivyo kwa utulivu mkubwa. Sasa malalamiko yangu:

1. Sharti lenu la mume na mke tu lilimzuia Nouf kuja. Kutoka Azaiba mpaka Qurayyat ni mwendo wa saa nzima na zaidi, na garini hamkuwa na mtu wa kumtuma. Nililazimika kumwambia yule bibi wa ramani kwenye simu amwambie dereva, yaani Sleiman, apunguze mwendo. Hakumwambia. Sleiman naye akamwomba bibi huyo huyo aniarifu kwamba birika la kahawa linavuja miguuni pangu. Nilifika nimelowa.

2. Chumbani tulikuta kitanda kimoja, na juu yake bata wawili waliokunjwa kwa taulo, midomo imegusana. Niliwatenganisha. Niliporudi kutoka kutia udhu nikawakuta wamegusana tena. Mtumishi wenu aliapa kwamba hakuingia. Simtuhumu mtu, lakini chumbani tulikuwa wawili tu.

3. Muuzaji wenu, Bwana Jaifar, ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye suti nzuri na Kiswahili cha nyumbani alichofunzwa na bibi yake. Alitukalisha ukumbini, akatuuliza tungependa kutembea wapi pamoja. Nikamjibu, "Mwambie huyu mzee mimi sendi naye hata Mutrah sokoni." Mtu mwengine angeshituka. Jaifar alimgeukia Sleiman kwa utulivu akasema, "Mzee, mama anasema angependelea mahali pa karibu." Bwana Meneja, mimi nilikuwa nimekaa hapo! Sleiman akasema, "Mwambie akae na kiburi chake." Jaifar akanigeukia, "Mama, mzee anasema upumzike, usijichoshe." Mtu wa katikati ana amana. Maneno ya watu ni mzigo wa watu, huufikisha kama ulivyofungwa. Huyu wenu aliufungua njiani akautia sukari, na hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote, kwani baada ya nusu saa ya kusikia mambo mazuri ambayo hakuna aliyeyasema, mtu huanza kulegea.

4. Ilipofika dakika ya sabini hivi, Sleiman alivua kofia yake akaiweka mezani. Bila ya kunitazama akamwambia Jaifar, "Mwambie nilikwenda jaani siku tatu. Nilifukua kwa mikono. Sikuiona. Nikaona haya kurudi mikono mitupu nikasema samahani." Na Jaifar, aliyekuwa na ulimi wa kila kitu, safari hii hakunifikishia neno. Alitazama makaratasi yake. Basi ikanibidi niyasikie mwenyewe, kutoka kinywani mwa mume wangu, wala sikuwa nimejitayarisha. Mume niliyekaa naye miaka arubaini na miwili, mwenye maradhi ya mgongo, ameinama jaani siku tatu, na mimi nikimpelekea chai kwa mjumbe! Niliona uchungu na niliona aibu, na bado naona. Nikalia mbele ya watu wa meza ya pili waliokuwa wakioneshwa picha za bwawa la kuogelea. Nikasema nimesamehe.

5. Zilipotimia dakika tisini Jaifar alifunga faili lake, akatuaga, akaondoka. Hata bei hakututajia. Mnamlipa mshahara wa nini mtu huyu?

6. Madhara niliyoyapata ni haya. Kimya kingi kina mshindo, na Sleiman ana maneno ya miezi mitano. Tangu siku ile ananihadithia bei ya nguru, ukuta wa jirani, na ndoto aliyoiota mwezi wa Rajabu. Hukaa jikoni kwangu akiniuliza kwa nini natia iliki kabla ya tangawizi. Isitoshe, kila Jumatatu mashoga zangu walikuwa wakija kunipa pole. Bashayer huja na halwa, Shariffa na sambusa, nami huwapa khabari mpya za ukatili wa Sleiman. Tulikuwa na barza nzuri sana. Jumatatu hii walimkuta Sleiman mwenyewe anawamiminia kahawa na kuwauliza hali za wajukuu. Walikaa robo saa, wakaondoka na halwa yao.

Basi, Bwana Meneja, nimeisoma karatasi yenu yote, hata maandishi yale madogo ya nyuma. Kifungu cha kumi na nne kinasema kwamba jambo lolote alilolikubali mgeni ndani ya ukumbi wenu anaweza kulibatilisha kabla ya kupita siku saba, bila ya kueleza sababu. Mimi nilikubali kusamehe ndani ya ukumbi wenu, siku ya Jumamosi, saa sita na robo mchana, na mashahidi ni watu wa meza ya pili. Kwa hivyo nadai msamaha wangu ubatilishwe. Nadai Sleiman arudishwe katika hali aliyokuwa nayo mlipompokea, yaani kimya na mwenye makosa. Nadai pia Jaifar aje Azaiba kwa gharama zenu, akae baina yetu, arudie kila neno kama lilivyosemwa. Ikiwa hamna fomu ya kubatilishia msamaha, nitaichora mwenyewe kwa rula; nyinyi mtie muhuri tu.

Nisalimie ahli zako na watoto, wafanyakazi wote wa hoteli, na hasa yule anayekunja taulo, ambaye kazi yake ni nzuri ingawa imenidhuru. Jaifar mwambie nimemkasirikia, na uyafikishe maneno hivyo hivyo. Sleiman anakusalimu pia; ameingia sasa hivi kuniuliza naandika nini, nami nimemwambia ni orodha ya sokoni.

Ni mimi mwenye kudai haki yangu bila ya kumvunjia mtu heshima,

Masouda binti Humaid

Nyongeza: Siku saba zinatimia keshokutwa, Jumamosi, saa sita na robo. Nimepiga simu afisini kwenu nikaambiwa kwamba Ijumaa na Jumamosi mnafunga, na barua zote hufunguliwa Jumapili asubuhi. Nouf alitaka kuituma hii kwa simu yake ikufikie papo hapo. Nimemkataza.